Sarafu ya Kurudishwa kwa Wenyewe

Kabla sijasema lolote kuhusu ile sarafu, niseme kwanza kwamba nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kupiga miayo mara mbili, ukanywa chai, ukapona. Ni ule wa miaka sita, unaoingia kwenye nyayo na kuhamia huko na mizigo yake. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa nafunga vitu vya makumbusho katika ghala lao la Landover. Jumamosi na Jumapili nilikuwa nageuza wagonjwa vitandani katika nyumba ya wazee kule Temple Hills, karibu na ninapoishi. Wiki ingekuwa na siku ya nane, ningeipatia kazi pia.

Watu wa kwetu Bomet wakisikia nafanya kazi makumbusho hudhani natembeza wageni. Mimi ni mfungaji. Kitu kikimaliza maonyesho kule mjini Washington, huletwa kwetu ghalani. Nakikagua, naandika hali yake kwenye fomu, nakichongea kitanda cha sponji ndani ya sanduku, kisha nakilaza. Nimelaza vinyago, saa za ukutani, viatu vya watu waliokufa zamani na yai la ndege ambaye hayupo tena duniani. Vyote hivyo nilikuwa navilaza vizuri kuliko nilivyojilaza mwenyewe, na jambo hilo lilikuwa linaniudhi.

Mwaka huo, 2008, Audrey aliniita ofisini kwake. Audrey ndiye msajili, yaani mwenye kujua kila kitu kilipo na kinapokwenda, na ndiye bosi wangu: Mmarekani mrefu, asiyepaza sauti hata akikasirika. Aliniambia msaidizi wake anastaafu mwisho wa mwaka, na kwamba jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa kuwa kwa miaka sita sijavunja kitu wala kupoteza. Nafasi ile ilikuwa na bima ya afya, na mshahara wa kuniwezesha kuacha kazi ya wikendi. Nilimshukuru, nikaenda kukaa ndani ya gari langu dakika kumi. Sikuwa nawaza cheo. Nilikuwa nawaza Jumamosi: kitanda changu, mapazia yamefungwa, simu imezimwa, na mimi katikati nimelala mpaka nichoke kulala.

Sasa nikueleze kuhusu Candide. Alikuja mwezi wa sita, akiletwa na kampuni ya usafi kupiga deki na kumwaga taka. Alikuwa Mrundi wa karibu miaka sitini. Alikimbia kwao Bururi mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana, akakaa kambi baada ya kambi, ya mwisho ikiwa Tanzania, mpaka akazeekea humo. Ndipo Amerika ikamchukua yeye na binti yake Ineza. Kiingereza hakuwa nacho. Kiswahili alikuwa nacho kingi, tena kile cha upole cha watu wa Kigoma, kinachomfanya Mkenya kama mimi ajisikie anabweka. Basi kila mtu aliyetaka kumwambia neno alinitafuta mimi. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wake katika jengo lile, na hakuna aliyenilipa kwa huo mdomo.

Wiki yake ya pili nilimpa githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, katika bakuli la plastiki lenye maua mekundu. Kesho yake bakuli lilirudi limejaa maharage ya mawese, na maua hayapo. Alikuwa ameyasugua yakatoka. Nilipomuuliza alinieleza bila haraka kwamba kwao chombo cha mtu hakirudishwi kichafu, wala hakirudishwi kitupu. Ukifanya hivyo aibu inakuwa yako na ya nyumba yako yote, na hata kambini, ambako maji yalipangiwa foleni, waliosahau jambo hilo walijulikana kwa majina. Nilicheka. Mama yangu Bomet alikuwa vilevile, ila yeye alijua wapi pa kuacha kusugua. Tangu siku hiyo tukawa tunapokezana vyombo, langu likienda na lake likija, mpaka nikazoea kula chakula cha mchana ambacho sikukipika.

Sarafu ilikuja mezani kwangu Jumatatu ya mwisho ya Oktoba. Siku hiyo nilikuwa nimetoka nyumba ya wazee saa moja asubuhi. Mwenzetu mmoja hakutokea, nikashika shifti mbili mfululizo, nikanawa uso na kwenda Landover moja kwa moja nikiwa na sare yangu na viatu vyangu vyeupe. Sarafu haikuwa yetu. Tulikuwa tumeiazima kwa chuo kimoja cha Pennsylvania kwa maonyesho ya mito mikubwa, na maonyesho yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa ya shaba nyeusi, nene, pana kushinda mdomo wa chupa. Ilitengenezwa Aleksandria wakati Misri ilipokuwa jimbo la Roma. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme wa Roma. Upande wa pili kulikuwa na mzee mwenye ndevu, amejinyoosha ubavuni na kuegemea kiwiko, na chini yake mamba. Karatasi ilisema mzee yule ndiye mto Nile. Nilimtazama kwa wivu. Karibu miaka elfu moja na mia tisa amejinyoosha, na hakuna mtu amemwambia inuka, zamu yako imefika.

Kanuni ya ghala letu ni moja, na mtoto mdogo angeielewa: kitu kikiwa mezani, mfungaji haondoki. Akitaka kwenda haja, anakirudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo. Niliijua kanuni hiyo kama ninavyojua jina la baba yangu.

Saa sita na robo Candide aliingia na ndoo yake. Aliisogelea meza, akainama juu ya sarafu mikono ikiwa mgongoni, kama nilivyomfundisha. Nilimwambia yule mzee ndiye Nile. Uso wake ukabadilika. Alisema chemchemi ya mto huo iko kwao, nyuma ya kilima, na kwamba akiwa mtoto aliwahi kuruka juu yake kwa mguu mmoja. Kisha akauliza sarafu inakwenda wapi.

"Inarudi kwa wenyewe," nikamwambia.

"Ikiwa hivi?"

"Hivi hivi, Mama Ineza. Hivyo ndivyo ilikuja."

Mimi nikaenda nyuma ya rafu ya masanduku, mahali ambapo kuna kiti kibovu, kukata sponji. Kutoka pale meza huioni. Nilijiambia ni dakika mbili. Nilikaa, nikashika kisu cha sponji, nikakiweka chini ili nisijikate. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Kilichoniamsha ni harufu ya limau. Koti langu, ambalo nilidhani nimeliacha kwenye ndoano mlangoni, lilikuwa mabegani mwangu. Sikujiuliza limefikaje. Niliangalia saa: saa saba kasoro dakika tano. Nikatoka nyuma ya rafu nikipepesuka.

Candide alikuwa amesimama kando ya meza, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, ilikuwa sarafu. Iling'aa. Ilikuwa na rangi ya waridi kama ndani ya mdomo wa ng'ombe. Kando yake kulikuwa na nusu ya limau langu, lile ninalokamulia chai, chumvi ndani ya kifuniko cha chupa, na sponji ya kijani ya kuoshea vyombo. Ndevu za yule mzee zilikuwa zimepungua. Mamba alikuwa amebaki mgongo tu.

"Imetakata," akasema. Alikuwa na furaha.

Watu wasiofanya kazi hii hawajui. Ule weusi si uchafu, ni ngozi ya sarafu. Umeota polepole ndani ya udongo kwa muda mrefu kuliko lugha ninayokuandikia, na ukiutoa haurudi. Nilitaka kupiga kelele nikakosa nguvu. Nilitaka kulia, na hata hilo likanishinda. Nilimwambia tu aende akamalize korido, halafu nikasimama pale na kufikiria Jumamosi zangu. Ndiyo, kitu cha kwanza nilichofikiria ni hicho. Sitadanganya hapa pia.

Fomu ya hali ina mistari kumi na miwili. Niliandika kwamba kitu kilikutwa kimesuguliwa kwa limau, chumvi na sponji, na kwamba aliyefanya hivyo ni mfanyakazi wa usafi, bila ruhusa. Kila neno lilikuwa kweli. Niliisoma mara mbili nikitafuta uongo, sikuuona. Kisha nikampelekea Audrey.

Audrey alituita wote wawili alasiri hiyohiyo. Alikuwa amepauka, lakini sauti yake ilikuwa ileile. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nikauliza kwa Kiswahili, kwa nini Candide alifanya hivyo. Candide alikaa wima, mikono mapajani, akajibu kwa utaratibu. Alisema kitu kilikuwa cha watu, na kilikuwa kinarudi kwao. Alisema aliona aibu kwa ajili yetu, kwamba nyumba kubwa kama hii irudishe kitu cha watu kikiwa na masizi, na wenyewe wafungue sanduku waseme hawa waliokaa na kitu chetu ni watu wa namna gani. Alisema huyo mzee ni wa mto wa kwao, na alitaka afike akiwa msafi. Alisema kama amekosea, anaomba asamehewe, kwani hakuna aliyemwambia kwamba hapa uchafu una thamani. Alizungumza labda dakika mbili.

Audrey akanigeukia. Nikamwambia kwa Kiingereza: amesema alidhani ni chafu.

Ni hivyo tu. Dakika mbili za mtu mzima nilizikunja zikawa sentensi moja. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka tutoke mle ndani.

Halafu Audrey akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: wakati huo wote mimi nilikuwa wapi? Aliliuliza akimtazama Candide, si mimi. Ilibidi nilitafsiri. Nililitafsiri sawasawa, sikupunguza hata neno, maana nilikuwa nimejishawishi kwamba nyuma ya rafu hakuniona.

Candide alinitazama kidogo. "Alikuwa amekwenda msalani," akasema.

Nikatafsiri. Audrey akaandika. Nikamshukuru Mungu kwamba Candide hakujua, nikamshukuru kwa haraka, kama mtu anayevuka barabara taa zikiwa zinabadilika.

Kampuni ya usafi ilimwachisha Candide kazi Alhamisi ya wiki hiyo. Mimi ndiye niliyemtafsiria barua. Aliniuliza kama ameniponza, nikasema hapana. Aliniambia nimsalimie mwanangu Kibet aliyeko chuoni Baltimore, akavaa jaketi lake, akaenda kungoja basi. Juu ya friji ya chumba cha chakula akawa ameniachia bakuli lake la bati, lile jeupe lenye ukingo wa bluu alilotoka nalo kambini, likiwa na maharage. Nilikula maharage yote. Nilikuwa na njaa.

Januari nikaanza kazi mpya. Nyumba ya wazee niliwaaga, wakanipa keki. Jumamosi ya kwanza nilifunga mapazia, nikazima simu, nikajilaza. Nilitazama dari mpaka saa nne asubuhi, nikainuka kufua. Jumamosi ya pili nilikunywa dawa ya kikohozi ile inayoleta usingizi, nikalala kwa saa moja tu, nikaota nasugua kitu. Jikoni, juu ya kabati, lile bakuli la bati lilikuwa limekaa. Nilikuwa nimeliosha siku ileile. Kulirudisha kitupu nisingeweza, na kila nilipofikiria cha kutia ndani, mkono ulikuwa mzito. Miezi miwili na nusu chombo cha mtu kiko kwangu. Mama yangu angenipiga, na umri wangu huu.

Jumamosi ya tatu nililijaza unga wa wimbi, niliotumiwa na dada yangu kutoka nyumbani, nikalifunga na kitambaa, nikaendesha gari mpaka kwa Candide na Ineza. Walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu katika majengo ya matofali karibu na kituo cha treni cha New Carrollton. Ineza alikuwa kazini, hotelini anakofua mashuka. Candide alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia mara tatu kwa desturi yao, akanikalisha kwenye sofa, akauliza habari za Kibet, habari za kazi, habari za miguu yangu. Nilipomkabidhi bakuli alifungua kitambaa, akanusa unga, akatabasamu. Kisha akainua bakuli na kulitazama chini, kama nilivyojua angefanya.

"Umeliosha vizuri," akasema.

Ndipo nikasema. Sikuwa nimepanga maneno. "Mama Ineza, ile siku sikuwa msalani. Nilikuwa nimelala nyuma ya rafu. Kama ningekuwa macho hungegusa ile kitu. Makosa ni yangu, na wewe ndiwe umefutwa."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulikuwa umelala. Nilikuona. Ulikuwa unakoroma, Mama Kibet. Nilikufunika koti." Aliweka bakuli juu ya meza. "Nikasema huyu mtoto wa watu amechoka, ngoja nimsaidie kumsafisha huyu mzee, akiamka akute kazi imepungua. Nilijua nakusaidia."

Nilishindwa kumtazama. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, siku ile mbele ya Audrey, alipoulizwa waziwazi.

"Ningesemaje?" akajibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wewe ndiye ulikuwa unanisemea. Nikutume ujishtaki kwa mdomo wako mwenyewe?"

Alinipikia chai ya maziwa, akaniambia nijinyooshe kidogo kabla ya kurudi, barabara ina magari mengi. Nilikataa. Nilisikia haya, na nilijua nikijinyoosha pale nitalala, na sikuwa na haki ya kulala kwenye sofa lile.

Jumatatu nilimwomba Audrey lile faili. Chini ya mistari yangu kumi na miwili niliongeza mingine. Niliandika kwamba kuanzia saa sita na robo hadi saa saba kasoro dakika tano mfungaji alikuwa amelala, na kitu kilikuwa wazi mezani. Niliandika kwamba mfanyakazi wa usafi hakuwahi kufundishwa lolote kuhusu vitu vya shaba. Halafu nikaandika alichosema Candide, chote, dakika zake mbili, kwa Kiingereza kizuri kadiri nilivyoweza. Yalichukua karatasi nzima. Nilipofika kwenye mto wa kwao nilisimama kidogo kupangusa pua.

Audrey alisoma mara mbili. Alisema anashukuru, na kwamba ingekuwa bora kama angejua Oktoba. Alisema pia kwamba bado nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na hakuhitaji kuendelea, nilielewa. Nafasi ikatangazwa upya. Mimi nikarudi mezani kwangu, kwenye sponji na kisu, na yeye akaandikia kampuni ya usafi. Walimwita Candide baada ya wiki mbili, si kwetu, katika ofisi fulani kule Springfield, mabasi mawili na treni kutoka kwake. Alinipigia simu kuniambia. Alisema huko hakuna vitu vya kale, ni mazulia tu, na mazulia wanamruhusu kusugua.

Nyumba ya wazee ilinirudisha bila maswali, kwa vile siku zote inakosa watu. Ijumaa nililala saa tatu usiku, nikalala mpaka kengele ya saa ikaita mara ya tatu Jumamosi asubuhi. Kisha nikainuka, nikavaa viatu vyangu vyeupe.